Upinde wa Kwanza kutoka Kihambani: Mwongozo Kamili wa Kuchonga kwa Mforosadi

Mforosadi ulio nyuma ya jiko la mama mkubwa, Kibosho, Kilimanjaro, umelisha watoto wa ukoo mzima. Kila msimu wanarudi nyumbani midomo na fulana zimekuwa zambarau, wanagombezwa, na kesho yake wako tena juu ya mti. Miaka yote hiyo hakuna aliyeutazama kwa jicho la seremala. Siku tulipoupogoa kwa kuwa ulikuwa unaitia migomba kivuli, tawi moja lilianguka limenyooka kama mpini, nene kuliko kifundo cha mguu wangu. Nikamwomba mama mkubwa anipe kabla halijakatwa kuni. "Chukua mwanangu," akasema, "ila maganda yako uyafagie." Upinde ninaoutumia leo ulitoka kwenye tawi hilo.

Naandika haya kwa mtu ambaye hajawahi kuchonga upinde, ana kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, au ua wenye miti michache, na ana zana za kawaida za nyumbani. Ukifuata hatua kwa utulivu utapata upinde wa mbao tupu, usiounganishwa kwa gundi wala kuongezewa kitu, wenye nguvu ya kilo 15 hadi 18 ukivutwa hadi mwisho. Nguvu hiyo inatosha kuupeleka mshale mita 30 kwa unyoofu na kuuzamisha barabara kwenye gunia la shabaha.

Nianze na sheria, kwa sababu neno "kuwinda" limewaponza vijana wengi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakutaka uwe na leseni au kibali kabla ya kuwinda mnyamapori, na msitu ulio juu ya vihamba vyetu ni wa hifadhi: huwindi humo wala hukati mti humo. Upinde ninaoueleza una umbo la upinde wa mawindo, imara na wa kubebeka, lakini kazi yake hapa ni kulenga shabaha. Na mti wenyewe, hata ukiwa wako, ukitaka kuuangusha mzima pita kwanza kwa mtendaji wa kijiji uulize utaratibu wa kibali. Tawi la kupogoa linatosha kabisa kwa upinde mmoja.

Mti gani

Mforosadi ni wa jamaa moja na mfenesi na mkuyu. Katika jamaa hiyohiyo kuna mti wa Marekani ambao Wafaransa waliuita bois d'arc, yaani mti wa upinde, kwa kuwa wenyeji wa huko waliuthamini kwa pinde kuliko miti mingine. Mforosadi wetu hauna nguvu kama huo, lakini una tabia ileile: unapinda sana kabla ya kuvunjika, na unasamehe makosa madogo ya mchongaji. Ndani una kiini cha njano kinachogeuka kahawia kikipigwa na hewa, na nje yake ukanda mwembamba mweupe.

Ukikosa mforosadi, tafuta mpera. Watoto wanajua siku zote kwamba panda ya manati ikitoka kwenye mpera haivunjiki, na sababu ni hiyohiyo, nyuzi zake ni ngumu na zimeshikana. Shida ya mpera ni kupata kipande kirefu kilichonyooka kisicho na vifundo kila baada ya shubiri. Ndugu zetu wa tambarare, huko maeneo makavu, wana mkole, nao ni mti wa pinde, mishale na fimbo tangu zamani.

Mgrevilea uache. Najua ndio uliojaa kila mpaka wa shamba kuanzia Machame hadi Rombo, umenyooka na unavutia, ila kwa upinde wa kwanza utakuvunjia moyo. Mparachichi ni mwepesi na unakatika ghafla. Mkaratusi una nguvu, lakini nyuzi zake mara nyingi zinajizungusha kama kamba iliyosokotwa, na upinde unafuata kujizungusha huko. Mbuni ni mgumu vizuri sana, ila nani ana mbuni ulionyooka mita moja na nusu?

Unachokitafuta ni kipande cha sentimita 180, unene wa sentimita 8 hadi 12, kisicho na tawi katikati. Tazama gamba: mistari yake ikipanda wima, nyuzi za ndani nazo ziko wima. Ikizunguka shina, tafuta kipande kingine. Tawi lililolala lina upande wa juu na upande wa chini usiofanana kwa mkazo. Chagua lililokua likielekea juu, au chipukizi nene lililoota kwenye kisiki cha zamani.

Kukata na kukausha

Kata wakati wa ukame, Julai hadi Oktoba, ukiweza. Siku hiyohiyo paka ncha zote mbili rangi ya mafuta au gundi ya mbao, tabaka mbili. Maji hutoka kwenye ncha haraka kuliko ubavuni, na ukiziacha wazi utakuta asubuhi nyufa zimeingia urefu wa kiganja.

Kisha pasua. Kipande cha sentimita 10 hadi 12 kinatoa vipande viwili kwa kabari na nyundo. Anza kwenye ncha nyembamba, pigilia kabari ya kwanza, ufa ukitembea fuata na ya pili. Usipasue kwa msumeno. Kabari inafuata nyuzi, msumeno unazikata. Kipande cha sentimita 8 usikipasue, utachonga upande mmoja tu na shoka mpaka ubaki na nusu.

Sasa gamba. Mforosadi mbichi unamenyeka kwa vidole: unachokonoa kwa ncha ya kisu, unavuta, na utepe mrefu unatoka na utomvu mweupe unaonata. Chini yake kuna ngozi laini, inateleza, rangi ya maziwa. Itazame vizuri, ipapase. Hiyo ngozi ndiyo mgongo wa upinde wako, na kuanzia sasa hakuna panga, tupa wala kisu kitakachoigusa tena.

Nieleze kwa nini. Upinde unapovutwa, upande unaotazama shabaha unanyooshwa na upande unaokutazama wewe unabanwa. Ule wa mbele tunauita mgongo, huu wa kwako tumbo. Nyuzi za mgongo zikiwa nzima kutoka ncha hadi ncha zinavumilia kunyooshwa. Ukikata chache tu, panapoishia uzi ndipo panapoanzia ufa. Upinde wangu wa kwanza kabisa ulikuwa wa mpera. Nilipiga randa mgongoni ili upendeze, nikaona umependeza kweli, na ulipofika sentimita 50 za mvuto ulilia mlio mmoja mkavu na nusu yake ikaruka juu ya paa la banda la mbuzi. Tulipookota kile kipande, ufa ulikuwa umeanzia palepale ambapo randa ilikata wimbi dogo la nyuzi. Miezi mitatu ya kukausha iliishia hapo.

Paka mgongo huo tabaka jembamba la gundi ya mbao iliyotiwa maji ili usikauke haraka ukapasuka. Kisha, kipande kikiwa bado kibichi, punguza tumbo kwa shoka mpaka unene ubaki sentimita 4 katikati na sentimita 3 kwingine. Mbao nyembamba inakauka mapema. Kifunge kwa kamba kwenye ubao ulionyooka, mgongo ukiwa juu, ili kisijipinde.

Kiweke mahali penye kivuli na hewa. Wazee walikuwa na dari juu ya moto, pale mahindi yanapohifadhiwa, na ni mahali pazuri sana kuanzia mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza usikipandishe huko, joto litakiwahi. Mjini Moshi kipande kama hiki kinachukua miezi miwili hadi mitatu. Huko juu kwenye ukungu, Juni na Julai, ongeza mwezi. Usikisie kwa macho. Kipime kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili na uandike uzito kwa penseli kwenye tumbo lenyewe. Wiki tatu mfululizo uzito usipopungua, kimekauka.

Mbao isiyokauka ndiyo sababu ya pinde nyingi kuwa legevu. Inachongeka kwa urahisi, inapinda vizuri, na baada ya wiki moja imebaki na mgongo wa mzee, hairudi.

Kuchora na kupata umbo

Zana: shoka dogo au panga kali, tupa ya mbao, kisu, msasa, penseli, tepu, na jiliwa. Kama huna jiliwa, fundi seremala wa jirani atakupa kona ya meza yake ukimsalimia vizuri. Funga kipande cha jinzi kuukuu kwenye meno ya jiliwa yasikwaruze mgongo.

Urefu wa upinde wa kwanza uwe sawa na kimo chako au uzidi kidogo. Kwa mtu wa sentimita 170 nakata 172. Upinde mfupi una kasi, ila unabana mbao sana, na mbao ya anayeanza haina uvumilivu huo.

Tandika uzi kutoka ncha hadi ncha juu ya mgongo, uchore mstari wa kati. Ikiwa nyuzi za mti zina kona kidogo, mstari uifuate kona hiyo. Usichore mstari ulionyooka kuliko mti. Katikati kabisa weka alama ya mshikio, sentimita 10. Kila upande wa mshikio acha sentimita 5 za kuteremkia, unene ukishuka polepole kama mteremko wa paa. Kuanzia hapo mkono wa upinde, yaani kila nusu inayopinda, uwe na upana wa sentimita 5 mpaka nusu ya urefu wake, kisha upungue kwa mstari mmoja hadi sentimita 1.5 kwenye ncha. Mshikio wenyewe, upana sentimita 3, unene 4.

Chonga ubavuni kwanza, kufuata michoro hiyo. Ukimaliza ndipo ugeukie tumbo. Teremsha unene wa mikono hadi kama sentimita 1.8, sawasawa. Hapa vidole vinaona kuliko macho: bana mkono kati ya kidole gumba na cha shahada, telezesha kutoka mshikio hadi ncha ukiwa umefumba macho, na kila kivimbe au bonde utalisikia. Panapokuwa na kifundo acha mbao zaidi kukizunguka, kiwe kama kisiwa. Nyuzi zinapita pembeni yake, nawe usizikate.

Mwishoni mwa kila mkono, sentimita 2 kutoka ncha, tia mkato mdogo wa mshazari kila ubavu kwa tupa ya duara. Ubavuni tu. Mgongo ubaki ulivyo.

Kuufundisha kupinda

Hapa ndipo penye kazi, na ukipaharakia umepoteza kila kitu. Tenga siku tatu au nne za jioni.

Anza chini. Simamisha ncha moja sakafuni, shika mshikio kwa mkono mmoja na ncha ya juu kwa mwingine, kisha usukume katikati taratibu. Tazama mkono wa chini unavyopinda. Geuza, fanya upande wa pili. Mwanzoni hautapinda kabisa. Kwangua tumbo kwa tupa, mpapaso mrefu kutoka mshikio hadi ncha, ujaribu tena. Mikono yote miwili ikianza kuitikia kwa kiasi kimoja, ni wakati wa kamba.

Tengeneza mti wa kupimia: nguzo au ubao ulioegemezwa ukutani, wenye kikombe juu cha kulaza mshikio, na alama kila sentimita 5 kushuka chini. Funga kamba ndefu inayoning'inia kidogo kutoka ncha hadi ncha. Shusha kamba hiyo kwa kamba nyingine inayopita kwenye roda chini ya nguzo, wewe ukiwa umesimama mita tatu nyuma. Umbali huo una faida mbili: unaona umbo zima, na upinde ukivunjika haukufikii usoni. Watoto wasikae karibu.

Vuta hadi sentimita 15. Tazama. Mikono yote inapaswa kuchora tao moja laini, mshikio ukiwa umetulia na sentimita 15 za mwisho za kila ncha zikiwa ngumu kidogo. Ukiona mahali pamenyooka kama ubao, hapo ni pagumu: weka alama ya penseli, shusha, kwangua hapo mara kumi kwa tupa. Ukiona mahali pamevunja tao na kufanya kiwiko, usipaguse tena. Punguza pande zote mbili za kiwiko hicho mpaka mbao nyingine zimfikie mwenzao.

Sheria ninazozishika ni tatu. Kila baada ya kukwangua, vuta upinde mara 30 kwa umbali uleule uliokwisha fika, kwa kuwa mbao haionyeshi mabadiliko mpaka ifanye kazi. Usivute hata sentimita moja zaidi kama kuna kasoro ambayo bado unaiona. Na usivute kamwe kupita uzito unaoutaka: ning'iniza mizani ya ndoano kwenye kamba, na ikifika kilo 18, simama, hata kama upinde umepinda sentimita 30 tu. Utapunguza mbao, uzito utashuka, utavuta mbele kidogo tena. Hivyo hivyo mpaka ufike sentimita 65 au 68 kwa kilo zilezile.

Simu inasaidia sana hapa. Mwombe mtu apige picha upinde ukiwa umevutwa, halafu uigeuze juu chini. Kasoro ambayo jicho limeizoea inaruka yenyewe ukiiona imegeuzwa. Mimi niligundua hivyo kwamba mkono wa chini ulikuwa dhaifu, nilipokuwa tayari nimeshika msasa. Mkono wa chini, kwa kweli, unapaswa kuwa mgumu chembe kuliko wa juu, kwa sababu kiganja kinausukuma zaidi.

Ukishapinda sentimita 25 kwa usawa na kamba ndefu, vika upote wa kweli, yaani kamba yenyewe ya upinde, kwanza kwa nafasi ya sentimita 8 kati ya upote na mshikio, kisha 15. Kipimo cha wazee ni ngumi juu ya mshikio na kidole gumba kimesimama: ncha ya gumba iguse upote. Kuanzia hapa acha tupa, tumia kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika kukwangua nyuzi nyembamba kama unga. Vaa glavu.

Ukiona mistari midogo ya mikunjo ikikatisha tumbo, kama ngozi iliyokunjika, mahali hapo panabanwa mno. Acha kuvuta na upunguze kwingine. Ukisikia mlio mgongoni, hata mdogo, shusha mara moja na utafute ufa kwa mwanga wa pembeni.

Upote na mshale

Wahadzabe wa Bonde la Eyasi hutumia kano za wanyama. Sisi tuna katani, na inafaa kwa kuanzia, ila inachoka na kukatika bila taarifa. Uzi wa poliesta wa fundi viatu ni bora. Nailoni isiyosokotwa vizuri inanyumbuka, usiitumie. Songa nyuzi kwa vishada viwili, kila kimoja ukikipinda upande mmoja na vyote viwili ukivizungusha upande wa pili, mpaka upote ubebe mara nne ya uzito wa upinde: kwa kilo 18, kilo 72 au zaidi. Juu fanya kitanzi, chini fundo la kujikaza. Sugua nta ya nyuki mpaka ing'ae.

Mishale ni somo lake. Kwa ufupi: mwanzi mwembamba uliokauka, milimita 8, sentimita 75, ulionyooshwa juu ya makaa. Manyoya matatu ya bata mzinga au jogoo, yote ya bawa la upande mmoja, yamefungwa kwa uzi na gundi. Kwa shabaha ncha butu ya chuma inatosha. Wamasai wana mshale mfupi wa kutoboa mshipa wa shingoni mwa ng'ombe ili kukinga damu, nao umefungwa kizuizi karibu na ncha usizame. Nautaja kwa sababu wengi wanadhani kila mshale lazima uwe mkali na mrefu.

Kumalizia na kutumia

Piga msasa tumbo na ubavu, uviringe kingo zote. Mgongoni ondoa ile gundi kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa, bila msasa mkali. Paka mafuta ya kitani ya duka la rangi mara tatu, siku moja moja katikati, kisha nta. Mshikio uzungushie ngozi au ugwe wa katani.

Shabaha yangu ni gunia lililoshindiliwa majani makavu ya migomba mpaka limekuwa gumu kama godoro la zamani, nyuma yake kuna ukingo wa udongo. Mishale mia ya mwanzo uvute nusu tu, siku mbili tatu. Upinde mpya unakaa, tao linaongezeka kidogo, na pengine utahitaji kukwangua mahali pamoja zaidi. Ukibaki umejipinda sentimita 3 au 4 baada ya kuvua upote, hiyo ni kawaida.

Usiuvute ukauachia bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye mbao, na upinde mzuri unaweza kupasuka kwa kosa hilo moja. Usimpe mgeni auvute kwa kuujaribu kabla hujamwambia hivyo.

Ukimaliza kupiga, vua upote. Ulaze upinde juu ya misumari miwili ukutani, mbali na jiko na mbali na jua la dirishani, juu kuliko mikono ya watoto inapofika. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, utauona umepoa na mvuto umepungua kilo moja hivi. Usikwangue chochote. Subiri Julai.